Mbegu ni kiumbe hai, na watoto wa madarasa ya chini wafundishwe hivyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa wengi litaonekana dogo, lakini kwa sisi tunaofundisha madarasa ya chini huku Mtwara ni jambo linalomwandama mtoto mpaka anapofika sekondari. Nalo ni namna tunavyowafundisha watoto wa darasa la kwanza na la pili kutofautisha viumbe hai na vitu visivyo hai. Nimekuwa nikikutana na karatasi za mazoezi na majaribio ambamo mtoto anaambiwa azungushie duara vitu visivyo hai, na katika orodha anayopewa, pamoja na jiwe, kiti na sufuria, imewekwa mbegu, tena mwongozo wa kusahihisha unataka mbegu nayo izungushiwe duara. Mtoto aliyeiacha mbegu, kwa sababu amemwona mama yake akifukia kunde na baada ya siku chache zikachomoza, anawekewa mkasi. Aliyekosea hapo ni mtunga swali, na kosa lake lina chanzo ambacho walimu tunacho mikononi mwetu.

Chanzo hicho ni mazoea ya kuanza somo kwa kusogea. Mwalimu anasimama mbele ya darasa, anasema kiumbe hai hutembea, hukimbia, huruka au huogelea, anataja kuku, mbuzi, samaki na mtu, kisha anagonga meza na kusema meza haitembei, kwa hiyo haina uhai. Watoto wanaitikia kwa pamoja na kipindi kinakwisha vizuri. Lakini kipimo hicho kinaipa nguvu dhana ambayo mtoto anakuja nayo shuleni tayari, na ambayo ndiyo hasa shule ilipaswa kuirekebisha. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget (1896–1980), ambaye katika miaka ya 1920 aliwahoji watoto juu ya mambo haya, alieleza kwamba mtoto mdogo kwanza hukihesabu kuwa hai chochote chenye kazi kinachoifanya. Baadaye huufungamanisha uhai na kusogea, halafu na kusogea bila kusukumwa. Na ni akiwa na miaka kama 11 au 12 ndipo anapoubakiza uhai kwa wanyama na mimea peke yake. Watafiti waliomfuata wameonesha kwamba watoto wanaweza kufika huko mapema zaidi kuliko alivyodhani. Hata hivyo, mwalimu yeyote wa darasa la kwanza atautambua mwenendo huo, maana anausikia kila mwaka.

Waulize watoto wa pwani hii. Watakwambia bahari ina uhai kwa sababu inajaa na kupwa yenyewe, jua lina uhai kwa sababu linatoka na kuzama, na bodaboda ina uhai kwa sababu inakunywa petroli, inatoa moshi na inanguruma. Ukiwaonesha mbuyu mwezi wa Agosti, ukiwa umepukutisha majani yote na kubaki matawi matupu, wengi watasema umekufa, ingawa wote wameuona ukichipua mvua zilipoanza. Mtoto anayejibu hivyo hajakosa akili hata kidogo. Ameshika kipimo tulichompa na kukitumia kwa uaminifu, na kipimo ndicho kibovu.

Vitabu vyetu hutaja sifa saba za viumbe hai, yaani kujilisha, kupumua, kukua, kuzaliana, kutoa takamwili, kuhisi na kujongea, na sina ugomvi na hata moja kati ya hizo. Ninachosema ni kwamba kujongea kusitangulie, na kwa darasa la kwanza pengine kusitajwe kabisa, kwa kuwa mimea hujongea polepole mno kwa jicho la mtoto, isipokuwa michache kama kifaurongo kinachojikunja kikiguswa, na wapo wanyama, kama chaza, ambao wakishajishikiza kwenye mwamba hawaondoki tena. Mtoto wa miaka 6 au 7 aanze na mambo anayoweza kuyaona kwa macho yake: kwamba kiumbe hai hukua, kwamba kinahitaji maji na chakula ili kiendelee kuishi, na kwamba kimetoka kwa mzazi wa aina yake. Mengine yatakuja.

Sasa, kukua hakuonekani ndani ya kipindi kimoja cha dakika 30, na hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Naomba nieleze kwa kirefu zoezi ninalolifanya darasani, kwa sababu halina gharama na kwa sababu limenifundisha mimi mwenyewe mengi kuliko semina. Nachukua makopo matatu, au chupa za maji zilizokatwa katikati, na ndani ya kila moja naweka kitambaa kilicholowa. Kopo la kwanza linapata kunde zilizolala ndani ya maji usiku mmoja. Kopo la pili linapata kunde za gunia lile lile, lakini hizi zimechemshwa na kuachwa zikapoa. Kopo la tatu linapata kokoto zenye ukubwa unaokaribiana na wa kunde. Kabla ya kuyapanga dirishani nawapa watoto kunde za kopo la kwanza na la pili wazishike na kuzitazama, na kwa kawaida wanakubaliana kwamba zinafanana, zote zimevimba na zote ni laini kuliko zilivyokuwa jana. Wanaambiwa watabiri zipi zitaota. Wapo wanaosema zote, na mara nyingine yupo anayesema hata kokoto, na hakuna anayechekwa.

Kila asubuhi wanaangalia. Baada ya siku mbili au tatu ganda la kunde mbichi linapasuka karibu na lile kovu jeusi la pembeni, na kijimzizi cheupe kinachungulia. Watoto watundu huigeuza mbegu ili mzizi uangalie juu, na kesho yake wanakuta umepinda na kuelekea chini tena. Kwa jambo hilo moja wamejifunza habari za kuhisi bila mwalimu kulitaja neno lenyewe. Baadaye shingo iliyopinda inanyanyuka, inavuta juu vile vipande viwili vya mbegu, na majani ya kwanza yanafunguka katikati yake. Wakati huo huo kopo la pili limeanza kuteleza na kunuka, na juu yake umetanda ukungu. Kokoto zimelowa, basi. Ukizifuta ni zile zile za Jumatatu.

Hapo ndipo maswali ya kweli yanapoanza. Kunde za kopo la pili zilikuwa hai au hazikuwa hai? Zilikuwa hai mpaka zilipochemshwa. Joto limekiua kiinitete, yaani mmea mchanga uliokuwa ndani. Je, kokoto tungezichemsha zingekufa? Haziwezi kufa, kwa sababu hazikuwahi kuwa na uhai. Na ukungu huo umetoka wapi, nao ni kitu gani? Ukungu ni kiumbe hai, unakula zile kunde zilizokufa, na umetokana na chembechembe za uzazi za ukungu mwingine, ambazo ni ndogo mno na zilikuwa hewani. Mfaransa Louis Pasteur alilithibitisha jambo la namna hii katika karne ya 19, alipoonesha kwamba mchuzi uliochemshwa na kukingwa dhidi ya vumbi la hewani hauozi, kwa maana vijidudu vinavyouozesha hutoka kwa vijidudu vingine. Si lazima mtoto wa darasa la pili amjue Pasteur, lakini swali la Pasteur analiuliza mwenyewe akiwa ameshika kopo.

Wapo walimu wenzangu wanaoniambia kwamba mbegu ikiwa bado kavu ndani ya gunia haina dalili yoyote ya uhai, na kwa hiyo ni halali kuihesabu pamoja na mawe mpaka itakapoota. Siwezi kukubaliana nao. Mbegu kavu inapumua, ila kwa kiwango kidogo mno, na ndani yake kuna mmea mchanga uliokamilika mzizi na chipukizi, pamoja na akiba ya chakula. Inasubiri maji. Ikisubiri kupita uwezo wake inakufa, na kila mkulima anajua kwamba mbegu iliyokaa sana haioti yote. Uwezo huo wa kusubiri hutofautiana sana: mwaka 2005 huko Israeli, mbegu ya mtende iliyochimbuliwa katika magofu ya Masada, yenye umri wa takribani miaka 2000, ilipandwa na ikaota. Huku kwetu, mkulima anayeandaa miche ya mikorosho huzitia korosho za mbegu ndani ya maji, akachukua zilizozama na kuziacha zinazoelea, kwa sababu anatafuta zile zilizojaa na zenye uwezo wa kuota. Watoto wetu wameiona kazi hiyo nyumbani. Ni vigumu kuwaambia darasani kwamba baba alikuwa akichagua kati ya mawe na mawe.

Kutokana na hayo, napendekeza kwamba watoto wasipewe makundi mawili tu. Liwepo na la tatu, la vitu vilivyokuwa hai au vilivyotokana na viumbe hai. Dawati limetokana na mti, mkeka umesukwa kwa ukili wa mmea, ngoma imewambwa ngozi ya mnyama, mkaa ulikuwa kuni, na korosho iliyobanguliwa na kukaangwa haitaota tena kamwe. Bila kundi hili mtoto hulazimika kuuweka mfupa pamoja na bati, na akili yake inakataa, kwa haki kabisa. Sidhani kama kuna mikoa iliyojaliwa vielelezo vya kundi hili kuliko Lindi na Mtwara. Kule Tendaguru, mkoani Lindi, ndiko Wajerumani walikochimba mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913, na wapagazi wetu wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa viumbe hao, ambaye watu wengi humwita mjusi wa Tendaguru, amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Mifupa hiyo ina umri wa takribani miaka milioni 150, na kwa muda huo madini ya ardhini yameipenya na kuigeuza kuwa mawe. Ukimshika mtoto mkono ukamwambia kwamba kuna mawe yaliyokuwa mifupa, na kwamba wenye mifupa hiyo walitembea, wakala na wakazaa mahali ambapo leo kuna mashamba ya ufuta na mikorosho, utaona mwenyewe atakavyokutazama.

Kielelezo kinachonigusa zaidi, hata hivyo, ni matumbawe. Mtoto wa Mikindani amezaliwa akiyaona. Nyumba za kale za mji wetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana nayo, kama zilivyojengwa zile za Kilwa Kisiwani ambazo UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Kwa mtoto huyo tumbawe ni jiwe kama jiwe lingine. Lakini maji yakikupwa, hasa wakati wa bamvua, mama zake na shangazi zake wanapokwenda mwambani kuchokoa pweza, wanakanyaga tumbawe ambalo ni kiumbe hai, au kwa usahihi zaidi ni kundi la wanyama wadogo sana, kila mmoja akiwa na kinywa na mikono laini ya kunasia chakula, wamekaa juu ya mifupa ya chokaa waliyoijenga wenyewe na waliyorithi kwa waliowatangulia. Aina zile za mviringo hukua kwa takribani sentimita moja au pungufu kwa mwaka. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipopata joto lisilo la kawaida, matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yalipauka na kufa, na kitu kinachoweza kufa hakiwezi kuwa kimoja na kokoto za kopo la tatu.

Kwa nini nalikazania? Kwa sababu mtoto aliyefundishwa kwamba kisichosogea hakina uhai ndiye atakayekuwa mvuvi kesho, na pwani hii imekwisha kuumizwa na uvuvi wa baruti pamoja na uchimbaji wa matumbawe hai kwa ajili ya kuchomea chokaa. Tuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tangu mwaka 2000, na sheria zipo. Sheria lakini inamkuta mtu akiwa mkubwa, na kama kwa miaka yake yote ya shule ameliona tumbawe kuwa jiwe, atashangaa kwa nini serikali inamkamata kwa kuvunja mawe.

Nirudi darasani, kwa sababu kuna swali ambalo kila mwalimu atakutana nalo na ni vema ajiandae. Mtoto mwenye akili atauliza habari za moto. Moto unakula kuni, unahitaji hewa, unakua, unazaa moto mwingine, unasogea, na unaacha majivu na moshi. Amezitaja sifa karibu zote za kitabuni, na mwalimu aliyekaririsha orodha hana pa kushika. Jibu ninalolitoa mimi ni la mzazi. Moto unaweza kuwashwa kwa kiberiti mahali ambapo hapakuwa na moto hata kidogo, lakini hakuna atakayepata kifaranga bila kuku, wala mche wa kunde bila mmea wa kunde uliotangulia. Tena moto haujijengi. Kunde huchukua maji, hewa na virutubisho vya udongo na, kwa msaada wa mwanga, ikavigeuza kuwa jani la kunde na si la kitu kingine. Moto hauna umbo lake unaloliendeleza wala kulirithisha. Hali kadhalika chembe za chumvi kwenye mashamba ya chumvi, ambazo mtoto ataziona zikiongezeka ukubwa jua linapokausha maji: zinaongezeka kwa chumvi kugandia kwa nje, bila kula na bila kuzaa. Mwalimu asiogope maswali haya. Mtoto anayeuliza habari za moto amekwisha kulielewa somo kuliko yule anayeimba sifa saba bila kutetereka.

Kuna pia viumbe hai ambavyo mtoto havioni kuwa chochote, na mkulima wa korosho anavijua kwa jina na kwa hasara. Ule unga mweupe unaotanda juu ya maua na majani machanga ya mkorosho, ambao wazazi huupulizia salfa na kuuita ubwiriunga, ni kuvu. Unakula, unazaliana, unasambazwa na upepo, na unakufa kwa dawa. Ubwiriunga utajwe darasani mwezi wa Julai au Agosti, wakati mikorosho inachanua, na watoto watakwenda nyumbani wakiwa na la kusema.

Najua nitakavyojibiwa. Madarasa yana watoto wengi, vipindi vya kusoma, kuandika na kuhesabu vinabana ratiba, na makopo dirishani yatamwagwa. Yatamwagwa kweli, na unaweka mengine. Kuhusu muda, watoto wanapoandika kila siku sentensi moja ya walichokiona, na kuhesabu mbegu ngapi zimeota kati ya kumi, wanasoma, wanaandika na wanahesabu. Kuhusu faida, mtafiti wa Kijapani, Kayoko Inagaki, alionesha mwaka 1990 kwamba watoto wa chekechea waliokuwa wakifuga samaki nyumbani walijua mambo mengi zaidi juu ya samaki kuliko wenzao, na pia waliweza kuyatumia kukisia mambo ya chura, mnyama ambaye hawakuwa wakimfuga. Kwa hiyo kopo la kunde linalotazamwa wiki mbili halimfundishi mtoto kunde peke yake.

Ninawaomba wanaoandaa vitabu na wanaotunga majaribio ya madarasa haya wafanye mambo mawili. Waiondoe mbegu, na yai lililotoka kutagwa na kuku mwenye jogoo, katika orodha za vitu visivyo hai. Na katika picha zao, badala ya mbwa anayekimbia kando ya jiwe, waweke mche wa leo na mche ule ule wa baada ya wiki mbili kando ya jiwe ambalo halijabadilika, ili mtoto aone kinachotofautisha.

Kwa walimu wenzangu wa Newala, Masasi, Nachingwea na Liwale, ambao hawana mwamba wa bahari wa kuwapeleka watoto, ningefurahi kusoma katika ukurasa huu wanatumia nini kwa kundi lile la tatu. Nadhani kichuguu kingefaa sana, kwa kuwa ni udongo usio na uhai uliojengwa na viumbe hai na wengine wamo humo bado, ila mimi sijakifundishia na ningependa kusikia kwa aliyekwisha kufanya hivyo.

Wako,
Mwalimu wa darasa la pili,
Mikindani, Mtwara